Plamsi za Jenerali

Mzee Pei Shouren alikuwa mtangazaji katika stesheni ya treni ya mji wetu, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwaambia watu waondoke. Mwanawe alimsikia vizuri kuliko abiria wote: akaenda hadi Toronto.

Huko alizaliwa Anqi, mjukuu asiyejua Kichina zaidi ya kuomba chakula. Basi Pei, meno yakiwa yameanza kung'oka, akajifundisha Kiingereza. Kila Jumapili, kwenye simu ya video, alimpa mtoto msemo mmoja wa wahenga: kwanza maneno yalivyo, kisha maana yake. Anqi aliyapenda maneno. Maana aliikimbia kama dawa ya minyoo.

"Kuchora nyoka ukamwongezea miguu," alisema Pei.

"Huyo ni mjusi, babu."

"Maana yake, ukizidisha..."

"Kwaheri babu!"

Mke wa Pei, Lianzhi, alicheka huku akimenya tangawizi. "Mtoto anataka nyoka, wewe unampa mtihani. Ndiyo kumpigia ng'ombe zeze huko."

"Ng'ombe huyu atasikia," alijibu Pei. "Akija mwaka mpya nitamwonyesha."

Maana kila mwaka mwana aliahidi kuja, na kila mwaka Lianzhi alipanga bakuli na vijiti vya wasiokuwepo, kama ilivyo desturi kwenye karamu ya mkesha. Mwaka jana Pei aliviondoa mezani kwa hasira. Kumwekea mtu bakuli, alisema, ni kumkatia tamaa akiwa bado njiani. Nilikuwa pale, jirani niliyealikwa. Tulikula samaki kimyakimya, kama watu waliofiwa na kuku.

Mwaka huu mwana aliapa: tiketi ziko karibu kupatikana. Pei akanunua godoro la mtoto.

Jumapili iliyofuata alimpa Anqi msemo wa plamsi. Askari wana kiu, hakuna maji. Jenerali anawaambia mbele kuna bustani ya plamsi, matunda madogo machachu. Mate yanawajaa kinywani, wanatembea.

"Bustani ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

Anqi akafikiri. Safari hii hakuaga.

"Kumbe ni kama baba anavyosema mwaka huu tutakuja kwa babu."

Nyuma yake kijiko kilianguka. Kisha sauti ya mwana: "Baba, mtandao unasumbua hapa." Picha ilikuwa safi kama kioo.

Simu ilipozimwa, Lianzhi aliacha kumenya tangawizi.

"Haya, mwalimu. Ng'ombe amesikia zeze."

"Amepata maana," alisema Pei. "Yote, bila kusaidiwa." Alisema hivyo kwa sauti yake ya stesheni, ile isiyojali nani anaondoka.

Mkesha ulipofika, Lianzhi alipanga mabakuli matatu ya wasiokuwepo, la mwana, la mkwe na la mjukuu, akamtazama mumewe. Pei hakuyaondoa. Alivinyoosha vijiti, kisha katika bakuli dogo la Anqi akaweka plamsi moja kavu, ya chumvi.

"Samaki anapoa," alituambia.