Taa Iliyowaka Siku ya Mazishi ya Baba

Baba alifariki Dar es Salaam jioni, na asubuhi yake nilikuwa uwanja wa ndege wa Kigoma, nimekaa ndani ya ndege, kwenye kiti nilichopewa kwa huruma. Miaka ile ya wakimbizi ndege zilijaa watu wa mashirika. Karani wa serikali kama mimi alipata nafasi kwa msiba tu. Treni ingenichukua karibu siku mbili, na maiti wa Kiislamu hangoji treni. Mdogo wangu alikuwa ameahidi kwa simu kwamba watanisubiri mpaka alasiri. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hushuka kaburini kumpokea baba yake. Siku ile sikutaka kitu kingine duniani.

Pembeni yangu alikaa mkimbizi kutoka Burundi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mvi, anakwenda Dar kwenye usaili wa kupelekwa ng'ambo. Sura yake niliifahamu kwa mbali, maana nilikuwa nimeandikisha watu wengi mno pale ufukweni waliposhuka kwenye maboti. Yeye alinifahamu vizuri zaidi.

"Shikamoo, bwana karani," alisema, ingawa alinizidi umri. Nikaona aibu. Nikamwambia nakwenda kuzika.

Ndege ikaanza kukimbia. Uwanja ulikuwa wa changarawe. Vumbi jekundu likapanda madirishani, michikichi ikapita mbio. Tulikuwa tumeshashika mwendo pale injini zilipobadilika sauti na breki zikakamata. Tukasukumwa mbele mpaka mikanda ikatubana matumbo. Mfuko wa dagaa ukapasuka kwenye rafu ya mizigo, ukatumwagikia vichwani. Hakuna aliyecheka.

Rubani alitoka mwenyewe, shati limelowa jasho. Taa ya tahadhari imewaka, alisema. Saa mbili za kupimia mwendo zinapingana: moja inaonyesha tunakimbia, nyingine inaonyesha tumesimama. Fundi atatoka Dar kesho na kifaa kipya.

Kesho! Nilisimama nikapiga kelele. "Taa moja tu? Malori ya Kasulu yanapanda milima hayana hata taa za mbele, na yanafika!"

Wenzangu waliniunga mkono. Sote tulikuwa watu wa magari mabovu. Kwetu chombo kinachounguruma ni kizima. Mfanyabiashara mmoja wa Mwandiga alimshauri rubani aigonge kidogo hiyo saa, kwani ya gari lake hukubali ikigongwa. Mama mmoja tu ndiye aliyesema, "Afadhali nusu shari kuliko shari kamili."

Rubani alinitazama bila hasira. "Ndugu yangu, lori likizima mlimani mnashuka, mnaweka jiwe chini ya gurudumu. Huko juu jiwe mtaliweka wapi?"

Nikamchukia zaidi.

Tuliposhuka, ofisi ya uwanja iliniazima simu. Nilimwambia mdogo wangu kuwa bado niko Kigoma.

"Kaka, tumzike?"

Bila ruhusa yangu wasingethubutu, nami ulimi uliniwasha kusema ngojeni. Lakini baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba maiti huharakishwa.

"Mzikeni. Wewe ndiye utakayeshuka."

"Mimi sijui namna."

"Wazee watakuelekeza," nilisema, na nikakata simu kabla hajanisikia nikilia.

Ilipofika alasiri nilitandika koti nje ya jengo, nikamswalia baba nikiwa mbali naye. Mwalimu yule, Mkatoliki, alivua kofia akasimama nyuma yangu mpaka nilipotoa salamu. "Mwihangane," alisema. Ndiyo pole ya kwao.

"Watanisema," nilimwambia. "Mtoto wa kwanza gani hakumzika baba yake?"

Alikaa chini karibu na koti langu. "Kule ufukweni uliniuliza baba yangu yu hai au amekufa. Nikasema sijui, tulikimbia tukamwacha kitandani. Ukaniambia fomu haina nafasi ya sijui."

Yeye sikumkumbuka, ila maneno yale niliyajua. Nilikuwa nimewaambia wengi.

"Nikaandika nini?"

"Amekufa. Nikanyamaza. Foleni ilikuwa ndefu, na wewe ulikuwa umechoka." Aliikunja kofia yake mapajani. "Lakini niliondoka mezani kwako kama mtu aliyemuua."

Aibu niliyoiona sijapata kuiona tena. Baba yangu alikuwa ameshafukiwa na mikono ya wanawe. Ningefika Dar na kuonyeshwa kaburi lake. Huyu alikuwa na alama ya kalamu yangu tu.

Fomu sikuwa nayo. Nilitoa barua yangu ya ruhusa ya mazishi, ambayo haikuwa na kazi tena, nikaigeuza. Nikamuuliza jina la baba yake. Akalitaja taratibu, herufi kwa herufi, kama anavyowasomea watoto. Nikaliandika, na chini yake: Aliachwa kitandani. Mwanawe hajui kama yu hai. Karani alikosea. Nikatia sahihi.

Aliisoma mara mbili, akaiweka kwenye bahasha ya usaili wake.

"Kwenye usaili wataniuliza," alisema. "Nilikuwa nimejizoeza kuwaambia amekufa."