Sebule Yangu Imepata Cheti

“Ofisi yetu ya mawakili inajali akina mama: tuna chumba cha kunyonyeshea.” Ndivyo jirani yangu, mkuu wa ofisi hiyo, alivyojisifu hapa mtandaoni jana.

Uongo mtupu! Chumba hicho ni sebule yangu, iliyopakana ukuta na ofisi yao.

Leo mchana nilikuwa nakula mboga ya pondu, nimevaa singleti tu. Mlango ukagongwa. Mgeni mwenye suti akachungulia ndani, akatabasamu.

“Ah, kochi la maua! Ndilo lenyewe.”

Kumbe ni mkaguzi wa cheti cha kujali jamii na mazingira. (Mazingira labda ni yale maua ya kochi.) Mwezi uliopita vita vilizuia ndege yake kutua uwanja wa Bangboka, kwa hiyo alikagua ofisi kwa video ya simu; leo ndiyo amekuja mwenyewe kuleta cheti. Jirani akamwonyesha Aline, karani wake, akinyonyesha kwangu. Aline huja kila siku, maana huko ofisini angenyonyesha kwenye ngazi.

Jirani akafika mbio, jasho linamtoka.

“Bon, tonton,” akanibembeleza, “si ukuta iko moja tu?”

“Ukuta iko moja. Mulango iko yangu!” nikamjibu.

Aline, aliyemfuata bosi wake na mtoto mgongoni, alicheka mpaka mtoto akaamka.

Mkaguzi akafikiri kidogo, kisha akanikabidhi mimi cheti. “Kitundikwe pale chumba kilipo.”

Sasa kinaning’inia juu ya kochi langu.

Mawakili wa jirani, najua mnasoma: mpeni Aline chumba chenye kiti na mlango unaofungwa. Halafu njooni mchukue cheti chenu.

Na mbishe hodi. Huenda kuna mtu ananyonyesha.