Nilidhani filamu ya midoli ni katuni, nikawawekea wakwe watarajiwa. Shangazi akaanza kukemea sebuleni

Wakuu, kwema humu?

Najua wapo watakaosoma aya mbili, waandike "chai" na kuondoka. Andikeni tu. Kilichoandikwa hapa kimetokea sebuleni kwangu mchana kweupe, na ushahidi ninao. Ushahidi wenyewe ni mwiko, nitawaeleza mwishoni.

Mimi ni fundi friji, Mjita wa Musoma, nimepanga vyumba viwili Pasiansi hapa Mwanza. Sinywi, sigombani na mtu. Tatizo langu ni moja tu: mbele ya wazee wa watu ulimi unakufa ganzi. Ndiyo maana ufundi ulinifaa. Friji haliulizi ukoo wako.

Sasa nikapenda binti. Nimwite Kabula. Msukuma wa Magu, anauza duka la dawa kule Nyegezi. Baba yake alifariki Kabula akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mkubwa, na kwao hakuna jambo linalopita bila huyo Baba Mkubwa na dada yake, yaani Shangazi.

Barua ya posa nilishapeleka. Jibu halikuja. Likaja neno tu kwamba wazee wanataka kwanza kufika ninapoishi wanione.

"Wakikukubali, barua inajibiwa," Kabula akaniambia. "Wakikukataa, mimi sitawapinga. Wale ndio wamenilea."

Hakusema kwa kunitisha. Alisema huku anakwangua kucha, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Wageni wangekuja Jumapili baada ya ibada. Chakula sikuwa na wasiwasi nacho, maana jirani yangu Mama Debora alijitolea kupika. Hofu yangu ilikuwa baada ya kula. Mkishanawa mikono, mnaongea nini? Nimweleze Baba Mkubwa habari za gesi ya friji?

Nikapata wazo: niweke filamu. Sisi tusiojua kuongea, tivii inatusitiri sana.

Lakini filamu gani? Za kwetu wanapigania mabwana mwanzo mwisho. Za Kihindi, mvua ikinyesha tu watu wanakumbatiana. Za mapigano zina damu. Wakuu, ukiwa umekaa na shangazi wa mchumba wako, hata tangazo la sabuni linaweza kukuaibisha.

Nikaenda kwa jamaa mmoja Igogo anayewawekea watu muvi kwenye flash. Nikamwambia nataka kitu cha familia, hakuna mapenzi, na kiwe kimetafsiriwa na DJ kwa Kiswahili ili wazee waelewe.

Akanionyesha picha. Kadoli ka kike, gauni la bluu, jicho moja ni kifungo cha shati.

Nikasema weka hiyo hiyo. Midoli si katuni? Katuni si za watoto? Cha watoto kina ubaya gani?

Sikuiangalia kwanza. Naomba hilo mlishike.

Jumapili ikafika. Wakashuka kwenye bajaji. Baba Mkubwa ni mrefu, kavaa koti, ni mzee wa kanisa, na hasemi. Shangazi ni mlokole wa kweli kweli, kitambaa kichwani, na macho yake yanapita kila kona.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu Shangazi, huku tayari yuko jikoni. Akafungua friji langu, akasikiliza, akalifunga. "Wewe si fundi? Mbona la kwako linalia hivi?"

Nikajibu kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

Chakula kikaliwa. Sato wa Mama Debora akasifiwa na Shangazi, jambo ambalo Kabula aliniambia baadaye ni nadra. Mama Debora naye, kwa kuwa alipika kwa sufuria zake na mwiko wake, hakuona sababu ya kurudi kwake. Akavuta kigoda. Nikawasha filamu, nikakaa pembeni ya Kabula lakini kwa umbali wa heshima.

Dakika chache za kwanza, nchi yote ni giza. Jua limeibiwa. Kuna bibi kikongwe anaishi kwenye mti uliokauka, watoto wake wote walikufa. Anafanya nini? Anafukua mifupa yao, anachanganya na mti, anachonga midoli. Anaifunga nyuzi, inaamka.

Nikaanza kuitafuta rimoti kwa macho.

Na hawa DJ wa kutafsiri mnawajua, hawaridhiki na kilichopo. Bibi kasema neno moja tu, DJ anaongeza: "Njooni wajukuu zangu, leo nani anakuwa mchuzi?"

Shangazi akasimama.

"Ushindwe!" Kidole kwenye tivii. "Ushindwe na ulegee!"

Bibi kwenye tivii hakulegea. Alikuwa anamtoboa mdoli wa pili macho.

Shangazi akanigeukia. "Kijana, wewe unasali wapi?"

Nikataja kanisa. Akaniambia nitaje na jina la mchungaji. Wakuu, naapa mchungaji wangu namjua vizuri, nimemtengenezea friji, lakini jina lilinitoka kichwani palepale.

Nikageuka kwa Kabula nipate msaada. Kajifunika kanga uso mzima, mabega yanatikisika. Nikasema basi, nimemliza binti wa watu. Kumbe anacheka. Anacheka mpaka anakosa hewa.

Mama Debora ndiye aliyekuwa analia. "Huyu bibi mnamsema bure," akasema, anajifuta kwa ncha ya kitenge. "Kafiwa na watoto wote. Mlitaka achonge nini, meza?"

"Achonge msalaba!" Shangazi akajibu. "Kijana, zima hiyo takataka."

Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti. Ndipo nikasikia sauti ambayo haikuwa imesikika tangu sala ya chakula.

"Acha."

Ni Baba Mkubwa. Kasogea mpaka ukingoni mwa kochi, viwiko juu ya magoti, na koti kalivua sijui saa ngapi.

"Tazameni mkono huo," akasema. "Anayevuta amekaa kushoto, nyuma ya mti. Mnaona kichwa kinavyochelewa kidogo? Mwili unageuka, halafu kichwa kinafuata. Lazima kichelewe, bhabha, ndipo anaonekana ana akili yake."

"Kaka!" Shangazi akashika kifua. "Wewe ni mzee wa kanisa!"

"Nyamaza, unanikosesha kuona."

Sasa nieleweni hapo. Nimeshika rimoti. Nikizima, nimemkosea Baba Mkubwa. Nikiacha, nimemkosea Shangazi. Na barua yangu inasubiri wote wawili. Nikabaki nimeishika rimoti hewani nikitazama dari.

Filamu ikaendelea, na kila mmoja akawa anaona yake. Kale kadoli ka jicho la kifungo kametoroka kwenda kulitafuta jua. Shangazi anakemea kila kinapoonekana kivuli, ila nikaona kiti chake kinasogea mbele badala ya nyuma. Mama Debora anamwita bibi "masikini mama wa watu". Baba Mkubwa anahesabu nyuzi. Kadoli kakashikwa. Bibi akakalaza kwenye meza, akaanza kukata nyuzi moja moja. Ukabaki uzi wa mwisho, upo katikati ya mkasi.

Pap. Umeme ukakatika.

Nje mtaani watu wakaguna kwa pamoja kama kawaida yetu, feni ikamaliza kuzunguka. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Wa kwanza kuongea ni Shangazi.

"Sasa amekata au hajakata?"

Tukamtazama wote. Akarekebisha kitambaa chake. "Nauliza tu."

Baba Mkubwa akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na mwiko wa Mama Debora, ule mkubwa wa ugali. Akauvisha kitambaa cha kufutia vyombo, akafunga fundo shingoni. Akapiga magoti nyuma ya kochi langu. Mzee mzima, suruali ya kanisani, akapotea nyuma ya kochi.

Ukatokea mwiko.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Ulikuwa mwiko. Nilikuwa nimeuona ukisonga ugali saa mbili zilizopita. Lakini ulipogeuka kutuangalia, mwili wa kitambaa kwanza, kichwa kikafuata kwa kuchelewa, nikajikuta nimeuamkia. Kimoyomoyo, lakini niliuamkia.

Mwiko ukacheza. Ukamtania Mama Debora, ukamkimbia. Ukamfuata Shangazi, ukainama mbele yake, ukaangalia pembeni kwa aibu. Na nyuma ya kochi sauti nzito ikaanza kuimba kwa Kisukuma, taratibu.

"Kaka, acha," Shangazi akasema.

Wimbo ukaendelea.

"Kaka, nimesema acha." Lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza kugonga sakafu. Kisha akapiga kofi moja, la pili, na akaitikia. Maneno yote anayajua, mwanzo hadi mwisho.

Kabula alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anawatazama kama watu aliokutana nao siku hiyo.

Wimbo ulipokwisha Baba Mkubwa akakaa chini palepale, jasho linamtoka, mwiko uko pajani. Ndipo akatueleza. Mimi Mjita nilikuwa sijui hata nusu ya haya: Wasukuma wana makundi mawili makubwa ya ngoma yanayoshindana, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno kila upande unacheza kivyake uwanjani, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Wengine wanavuta watu kwa nyoka, wengine kwa sanamu za mti zinazochezeshwa. Na nyuma ya yote hayo kuna dawa, kila upande una zake.

Yeye alikuwa mchezesha sanamu. Alikuwa na mwanamke wa mti, shingo inageuka. Shangazi, msichana mdogo wakati huo, ndiye aliyekuwa anaitikia nyimbo. Walipookoka wakaachana na mambo hayo yote.

"Yule mwanamke wa mti nilimpa mtu," akasema. "Sikuwahi kumuuliza alimpeleka wapi."

Akaugeuza mwiko pajani. Kisha akaniangalia mimi, macho yamelowa, na akauliza swali ambalo sitalisahau.

"Kijana, nani alikwambia? Hata huyu mtoto hajui. Ulizungukaje mpaka ukajua, ukaniletea kitu kama hiki nikione kabla sijafa?"

Hapo, wakuu.

Kabula akanikanyaga kidole cha mguu. Nilimwelewa vizuri sana: kubali. Tabasamu, inamisha kichwa, sema "nilitafiti kidogo, baba," na barua imejibiwa. Mzee ndiye mkubwa kuliko wote.

Lakini Shangazi naye alikuwa ananitazama, na kwake jibu hilo hilo lilikuwa na maana nyingine. Kijana aliyechimba siri ya dawa na sanamu za familia, akaja kuiamsha kwa makusudi, huyo si wa kupewa binti.

Na zaidi ya wote wawili, mzee wa watu alikuwa amelia machozi ya kweli. Nilishindwa kuyachukua kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilitamani, nisiwadanganye. Nilishindwa tu.

Na ulimi wangu uliokufa tangu asubuhi, ndipo ukafufuka.

"Baba, hakuna aliyeniambia. Mimi sijui chochote. Nilidhani ni katuni."

"Katuni?"

"Ya watoto. Niliona gauni. Nilikuwa naogopa kukosa la kuongea, na hizi nyingine zina mabusu."

Kabula akafumba macho. Mama Debora akasema "Jamani!" Baba Mkubwa akautazama mwiko, akaugeuza unielekee taratibu, na mwiko ukatikisa kichwa kwa masikitiko.

Shangazi ndiye aliyepasuka kwa kicheko. Alicheka mpaka kitambaa kikaanguka. Alipopata pumzi akamgeukia kaka yake, akatoa hukumu:

"Kaka, jibu barua ya watu. Mchawi anajua anachokifanya. Huyu hajui kitu."

Wiki iliyofuata barua ikajibiwa.

Walirudi kuangalia mwisho wa ile filamu, kwa amri ya Shangazi. Bibi anakata. Kadoli kanaanguka. Halafu kanainua mkono kenyewe, bila uzi, na jua linatoka. Hapo tena ugomvi. Shangazi anasema huo ni ujanja wa shetani. Baba Mkubwa anasema uzi upo, ni mwembamba tu. Mama Debora anataka kujua bibi atabaki na nani. Kabula anasema kadoli kamekua, basi. Mpaka leo wakikutana hawajakubaliana.

Mwezi uliopita tumefunga ndoa. Kwenye zawadi, Baba Mkubwa akatuletea kifurushi kirefu kimefungwa kwa gazeti. Ndani ni ule mwiko, maana siku ile aliondoka nao na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kauchonga pua, mdomo, na masikio. Jicho moja kalichonga, la pili ni kifungo cha shati. Shingo inageuka.

Gauni la bluu kalishona Shangazi kwa mkono wake. Kifuani kaweka kamsalaba kadogo ka uzi mweupe. Alisema ni kwa usalama.

Nilichojifunza: filamu ikague kwanza kabla hujaiweka mbele ya wazee, hata kama ina gauni. Na ukisifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, sema mapema, kabla ulimi haujafa ganzi tena.

Haya, nipeni maoni yenu. Yule bibi wa mifupa alaumiwe au aonewe huruma? Wa "chai" pia mnakaribishwa, ila mje Pasiansi muuone mwiko juu ya kabati la sebuleni. Njooni na mwingine mkononi, maana Mama Debora bado anaudai wake.