Mninga Usiogongwa Nyundo

Nilifika Mbinga kwa kuzunguka. Kutoka Kyela nilipanda meli, nikalala juu ya magunia ya mchele huku tukitia nanga karibu kila kijiji cha ufukweni. Nilishuka Mbamba Bay miguu imevimba, kisha lori likanipandisha milimani kwa kusuasua kutwa nzima. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, matajiri wa mbao walitafuta vijana wa kupasua, nami tangu nimalize kidato cha nne sikuwa nimetulia popote.

Kazi niliipata Litumbandyosi. Mama mmoja mjane alinipa chumba na chakula. Shamba lake la mahindi lilikuwa mteremkoni, limechimbwa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe udongo. Juu ya shamba ulisimama mninga ambao mfano wake sijauona tena.

Kabla ya kukata, bwana miti alipita porini pamoja na wanakijiji. Kila mti ulioruhusiwa aliugonga nyundo yenye alama, juu kwenye shina na chini kabisa, ili hata kisiki kibaki na ushahidi. Sisi wapasuaji tuliichukia siku hiyo. Hatukupasua hata ubao mmoja, na tajiri hakulipa matembezi.

Tulipoufikia mninga, mwenzangu wa msumeno alikuwa ameshaanza kuupapasa. Mama akauliza utaangukia wapi. Mwenzangu akamjibu kwamba atauangusha upande wa mlimani, aulaze polepole kama mtoto. Mama hakumjali. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe unakula kwangu. Sema."

Mti ule ulikuwa umeinamia bondeni, na sikuona kamba ya kuushikilia. Nilijua pia kwamba mbao zake zingenipa nauli ya kwenda kokote nilikotaka. Lakini msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia, na bila zile ngolo mama hakuwa na shamba.

"Utaangukia shambani," nilisema. "Na gogo tutaliburuta humo humo."

Bwana miti akaitia nyundo begani, akaupita mninga bila kuugonga.

Mwenzangu alinitania kwa muda mrefu kwamba nimeuza mninga kwa sahani ya ugali.

"Na mboga ulipewa?"

"Maharage," nikamjibu.

Baadaye nimepasua mbao mahali pengi ambako miti haikuwekwa alama. Huko kazi ilikwenda haraka, na maneno yalikuja mti ukiwa umeshalala juu ya mihogo ya mtu. Ndipo nilipoanza kuishukuru ile siku ya matembezi bila malipo.

Nilikaa kwa mama hadi mavuno. Siku niliyoondoka kabisa alinisindikiza hadi barabarani, amebeba mahindi ya kuchemsha kutoka shamba lile. Lori liliposimama nikashika ubavu wa lori nipande juu ya magunia ya kahawa. Mama akamfuata dereva.

"Mweke mbele, baba. Huyu ni mwanangu."

Nikakaa mbele, mahindi mapajani, bado ya moto.