Mlango wa Uani

Mtaa mzima ulimwita Mzee Cheche, na yeye hakukasirika, maana jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na hakuna geti lake lililowahi kurudishwa kwa marekebisho. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, wa kukaa mbele na kukohoa kwa ukali watoto wakichekacheka. Mtu wa msimamo, walisema. Msimamo huohuo ndio uliomponza.

Mwanawe wa pekee alikuwa na tabia ya kupenyea mlango mdogo wa uani kila alipokunywa, ili amkwepe baba. Jumapili moja mchana akapenya hivyohivyo, akawakuta wazee wa kanisa sebuleni na sahani mapajani. Akawasalimu vizuri tu, kisha akatapika kwenye zulia. Mzee Cheche hakujua aweke wapi uso wake. Na ukweli usemwe: kilichomuuma si mtoto kulewa, ni wageni kuona.

"Toka," alisema. "Getini kwangu usikanyage tena. Mimi sina mtoto."

Wageni walipoaga, akaburuta mashine hadi uani, akauchomelea ule mlango kwenye fremu yake, juu mpaka chini, bado amevaa suti ya ibada. Mkewe alisimama na ndoo ya kusafishia zulia.

"Baba, hasira zako zitapoa kesho. Huo mlango nani ataufungua?"

Akakusanya nyaya za mashine, akaingia ndani.

Hasira zilipoa kweli, mapema kuliko alivyokubali kusema. Miaka ikapita. Mara kadhaa alishika grinda, mashine yake ya kukatia chuma, aukate ule mshono, akairudisha mahali pake, eti watu watamwonaje. Badala yake akaomba. Kila Jumapili alisimama mbele ya waumini akamlilia Mungu amrudishe kijana, machozi yakimchuruzika, na kanisa zima likaitikia amina. Hakuwa akiigiza. Alimtaka mwanawe kwa roho yake yote, ila alimwachia Mungu kazi ambayo grinda ingeimaliza kabla chai haijapoa.

Jumapili iliyopita, walipotoka ibadani, jirani yao mshona nguo alikuwa akiwasubiri barazani.

"Mzee, mwanao alikuja."

"Lini?"

"Mlipokuwa kanisani. Kabeba mtoto wa kike, masikio ni yako kabisa. Nikamwambia angoje, mnarudi sasa hivi. Akasema atapitia uani, kama zamani."

Mkewe akakaa chini kwenye ngazi, Biblia mkononi.

"Akausukuma mlango," jirani aliendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Akausukuma tena. Halafu akapapasa pale palipochomelewa, akacheka kidogo. Akaniambia, 'Huu mkono wa baba. Kazi yake haifunguki.' Nikamwomba namba ya simu. Akasema haina haja, jibu ameshalipata."

Mzee Cheche alikimbia hadi kituo cha mabasi na viatu vyake vya kanisani, akauliza kila aliyemkuta kama amemwona kijana mwenye mtoto. Walikuwa wengi wenye watoto. Akarudi akihema, akachukua grinda. Cheche zikamtoboa suti asijali. Mshono ulikuwa imara kupita kiasi, na kwa mara ya kwanza maishani aliulaani mkono wake mwenyewe. Ulipokatika, bawaba zilikuwa zimeshika kutu, ikabidi aung'oe mlango mzima na kuutupa kando.

Alipiga magoti pale kwenye uwazi. Akaanza sala ambayo kila Mkristo anaijua tangu utotoni, ila alipofika pale pa kusamehewa kama tunavyosamehe, sauti ikakatika. Akarudi mwanzo. Ikakatikia palepale. Alijua Mungu ana rehema, alilihubiri hilo mwenyewe, lakini mchana ule hakuona aiombe rehema hiyo kwa mdomo upi.

Mkewe alikuja taratibu, kitambaa cha kanisani bado kichwani.

"Umeufungua?"

"Nimeufungua, mama."

Mkewe alichungulia uchochoro mtupu, kulia na kushoto.

"Haya," alisema. "Na yeye nani atamwambia?"