Boko boko ya Watu Kumi

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia katika jiko la hoteli moja upande wa Bustan nikiwa na kofia nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe, na diploma ya upishi ndani ya bahasha. Nilizaliwa Unguja nikarudi Maskati kwa wazee wetu, bila ya mjomba wizarani wala ami wa kunishika mkono. Nilichonacho nimekipata kwa kichwa changu. Nalisema hili mapema ili vijana mnaosoma mjue kwamba aliyeshtuka siku ile hakuwa mjinga.

Mkuu wa Jiko, mtu wa Matrah aliyelelewa kwa Kiswahili kama sisi, aliitazama bahasha asiifungue.

"Nna kazi yako," alisema. "Kuna harusi ya watu mia nne. Wenyewe wanakuja mchana kuonja boko boko, watu kumi tu. Wakiipenda, harusi yetu. Wakiikataa wanakwenda hoteli nyengine, na mie sitakuwa na haja ya mpishi mpya."

Boko boko, ambayo Waomani wengine huiita harisi, ni ngano nzima iliyorowekwa usiku kucha, ikapikwa na nyama kwa moto mdogo mpaka hujui ipi nyama ipi ngano, kisha ikapondwa kwa mwiko na kumiminiwa samli. Kwetu ililetwa mezani imekwisha kupikwa. Sikuwahi kukaa nayo jikoni. Lakini hesabu nilikuwa naijua kuliko wote darasani. Ngano ilikuwa imekwisha kurowekwa tangu jana, na karatasi ya vipimo ya jiko ilikuwa ya watu mia nne, saa tisa za moto. Nikagawanya nyama kwa arubaini, ngano kwa arubaini, maji kwa arubaini. Nikagawanya na muda, zikatoka dakika kumi na tatu na nusu. Hapo hata mimi nilicheka. Nikafanya hisani, nikaipa saa moja na nusu.

Bibi yake bibi harusi, waliyemwita Bi Mkubwa, ndiye aliyeonja mwanzo. Alitafuna. Akatafuna tena, na chumba kizima kikasikia.

"Mwanangu," aliniambia, "hii ya watu au ya kuku?"

"Kasomea huyu, Bi Mkubwa," Mkuu wa Jiko alijaribu kuniokoa. "Ana diploma."

"Ya kupasua kokoto?"

Walicheka wote tisa waliobaki. Mimi nilisimama na sinia mkononi, masikio yanawaka. Sijawahi kushindwa mtihani maishani mwangu, na huu nimeshindwa kwa kijiko kimoja! Bi Mkubwa akainuka, akasema wali wetu waliouonja pamoja nayo umempendeza, basi Jumamosi saa nane mchana watarudi kuionja mara moja tu.

Walipotoka, Mkuu wa Jiko aliuliza taratibu, "Nani kakwambia ngano inahesabu wageni? Punje ni ile ile, iwe peke yake au na wenzake elfu. Chungu kidogo huwahi kuchemka. Hakiwahi kulainisha."

Nikaelewa, au nilidhani hivyo. Jumamosi niliwasha moto saa kumi na moja alfajiri ili zitimie saa tisa kamili, moto nikauacha kama karatasi ilivyosema, na maji yale yale yaliyogawanywa kwa arubaini. Saa mbili na nusu asubuhi nikasikia harufu ya kuungua. Nilifunua kifuniko nikaona ngano imekauka kama udongo wa kiangazi, na chini nyeusi. Sikuamini. Mara ya kwanza imekuwa mbichi, mara ya pili imeungua, na katikati yake hakuna hata saa moja niliyoijua.

Mkuu wa Jiko alikuja, akatazama, hakugomba. Akafungua friji akatoa bakuli la ngano iliyovimba vizuri.

"Niliroweka nyengine," alisema. "Sikukuamini."

Neno hilo liliniuma kuliko kicheko cha Bi Mkubwa, lakini nilipokea bakuli. Akanionyesha kosa langu. Sufuria niliyoichukua ilikuwa pana, ina mdomo mkubwa kuliko tumbo lake, kwa hiyo maji yamepaa. Chungu cha harusi huhifadhi joto kwa uzito wake. Kidogo hakina uzito huo, kinategemea moto tu. Tukachukua sufuria nyembamba ya kimo. Nyama tukaikata vipande vidogo. Maji tukaongeza zaidi ya hesabu, na birika la maji ya moto likakaa pembeni, maana maji baridi huishtua ngano. Kifuniko tukakiziba kwa unga uliokandwa, moto ukawa mdogo kama wa taa.

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Saa ya tatu tangu sasa ifunue, uminye punje kwa vidole. Itakwambia yenyewe."

Saa ya tatu kiini bado kilikuwa kigumu. Nikaongeza maji, nikaziba upya. Ya nne ikapondeka kama siagi. Saa nane Bi Mkubwa alikula sahani nzima, akamtazama Mkuu wa Jiko. "Harusini apike huyu huyu," alisema. "Keshaogopa, hatarudia."

Nilibaki na wenye hoteli ile miaka mingi. Nikahamishwa jiko la karamu kule Ruwi, nikarudi Bustan nikiwa Mkuu wa Jiko mwenyewe, na nimepika vyungu vikubwa ambavyo wengine wangevikimbia. Havikunitia hofu. Kila nilipoagizwa cha watu wachache ndipo nilipovuta kiti nikakaa karibu na moto.

Sasa nimestaafu na watoto wana majumba yao. Ijumaa moja mke wangu alinikuta nimekaa jikoni tangu asubuhi.

"Bwana we, muda wote huu kwa sahani mbili?"

"Hata ingekuwa moja," nilimjibu kwa majivuno, "muda ni huu huu."

Tukatazamana. Kisha sote tukaitazama sahani ya pili mezani, ya atakayetangulia. Mwiko ulinisimama mkononi.

"Ongeza ngano Ijumaa ijayo," alisema baadaye, akifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Tuwaite na majirani."