Nilivyomuuzia Mama wa Lanham Taa Isiyomfaa

Kazi yangu ya kwanza ya maana Marekani ilikuwa kuuza taa za kuoteshea mimea ndani ya nyumba. Nilikuwa nimetoka Iringa mwaka mmoja na nusu kabla yake. Jioni nilisoma chuo, na mchana nilisimama nyuma ya kaunta ya duka moja huko Sterling, kwenye safu ya maghala ambako ndege zinazotua uwanja wa Dulles hupita chini kiasi cha kumkatiza mtu maneno. Duka liliuza mabeseni, pampu, mbolea za maji, feni na taa, yaani kila kitu anachohitaji mtu anayelima bila udongo, mizizi ikining'inia majini.

Mwenye duka alikuwa Mmarekani mwenye ndevu za kufika kifuani, aliyewahi kufundisha baiolojia sekondari. Siku ya kwanza alinipa sharti moja tu: nisimuulize mteja analima nini. Mteja akisema mwenyewe, atasema nyanya. Nami niliyapokea hayo kwa moyo mweupe, na kwa miezi miwili nilistaajabu jinsi watu wa nchi hii walivyopenda nyanya. Walikuja vijana waliovuta kofia hadi machoni, wakaja watu wazima wenye tai, wote nyanya. Mmoja alikuwa mpole sana, anakuja kila Alhamisi, nikamwomba siku moja aniletee mbili tatu za kachumbari. Akalipia alichochukua, na hakuonekana tena.

Mwenye duka aliniita stoo, akafunga mlango, akanieleza kwa upole wa mwalimu kwamba nyanya zile karibu zote zilikuwa bangi. Sheria haikuruhusu. Yeye aliuza taa na mabeseni, na mtu akiutaja ule mmea kwa jina mbele yake, ilimbidi amtoe nje. Niliona aibu, si ya bangi, bali ya kachumbari.

Sikuacha kazi. Nilihitaji karo, na zaidi ya hapo nilikuwa nimeanza kuzipenda zile taa. Mwenye duka alikuwa na hamu ya kufundisha iliyokosa wanafunzi, basi nikawa darasa lake zima. Alinionyesha kwamba mwanga mweupe wenye ubuluu kidogo huufaa mmea unaokuza majani, na ule wa rangi ya chungwa huusukuma utoe maua. Wateja wetu walitaka maua. Wote vilevile walilalamikia umeme: taa inakula, joto lake linahitaji feni, na feni nayo inakula. Kwa hiyo swali la kila siku pale kaunta lilikuwa taa ipi inatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, na jibu la mwenye duka halikubadilika. Taa ya sodiamu, ile ya mwanga wa chungwa kama za barabarani. Tulikuwa na taa moja ya LED dirishani, ya zambarau, ghali na hafifu. Alikuwa akisema hiyo ni ya zama za wajukuu wetu.

Mama mmoja aliingia mwezi wa pili wa mwaka, theluji ikiwa bado imeganda kwenye maegesho. Ndani ya koti alivaa sare ya wauguzi wasaidizi. Nilikuwa kwenye simu na dada yangu, na nilipokata akanisalimia kwa Kiswahili, akasema amesikia sauti ya nyumbani tangu mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akacheka, akasema hiyo ni ya Tanzania, kwao Kisii wanauliza tu habari. Aliishi Lanham, ng'ambo ya mto kwenye jimbo la Maryland, na siku tatu kwa wiki alikuja Sterling kumhudumia mzee mmoja mgonjwa. Kila akipita aliliona duka letu.

Akaniambia anataka taa ya kulimia mboga chini ya nyumba, kwenye basement, wakati wa baridi.

Nyanya nilikuwa nimezizoea. Mboga ilikuwa mpya, lakini nilijiona mjanja, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akaendelea, na kila alichosema kilinithibitishia. Alisema si yake peke yake, ana watu wa kanisani wanaomwulizia kila Jumapili. Alisema inayouzwa huku imekauka, haina ladha. Alisema akikosa ile kitu wiki mbili mwili wake hausikii vizuri. Alisema mbegu zililetwa na shemeji yake kutoka Kenya, ndani ya soksi.

Nilimtazama mama yule mwenye miwani ya kamba na nikajifunza, kwa fikra zangu za wakati ule, kwamba mtu humjui. Nikamuuzia taa ya sodiamu ya wati mia sita pamoja na kisanduku chake kizito cha kuiendeshea. Nikamsihi kwa sauti ya chini asimwambie mtu ovyo anacholima. Alishangaa kidogo, lakini akaitika.

Alirudi baada ya wiki tano, akiwa amelipakata lile boksi la taa kama mtoto mgonjwa. Akalitua juu ya kaunta, akangoja hadi mteja aliyekuwepo akatoka.

"Msichana wangu," akasema, "hebu niambie ukweli. Hii taa uliniuzia ni ya bangi?"

Binti yake alikuwa amekuja kutoka chuo mwisho wa wiki, akashuka chini kufua, akakuta kile chumba kinawaka rangi ya chungwa na kisanduku kinanguruma. Alipanda ngazi mbio akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba basement yao inafanana na zile wanazoonyesha kwenye taarifa ya habari, polisi wamesimama mlangoni.

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Nilidhani ndiyo unayolima, mama."

"Mimi?"

"Ulisema watu wa kanisani wanaitaka."

"Mimi ndiye naongoza maombi ya akina mama," akasema taratibu, kama anayemfafanulia mtoto. Akakaa juu ya gunia la kokoto za udongo uliochomwa, za kushikia mizizi, akavua miwani. Nilifikiri analia. Mabega yake yalitikisika muda mrefu kabla sijatambua kwamba ni kicheko, na alipoweza kusema tena alisema tu kwamba sasa ameelewa kwa nini nilimnong'oneza.

Hapo nikavunja sharti la duka. Nikamwuliza analima nini.

"Managu."

Sikuijua. Akanieleza: majani ya kijani iliyokolea, machungu kidogo, vitunda vidogo vyeusi kama shanga, yanachemshwa na kuungwa kwa maziwa. Alipofika kwenye vitunda nikasema, "Mnavu." Sikuwa nimelitamka neno hilo tangu niondoke nyumbani. Bibi yangu alikuwa akituagiza tuuchume nyuma ya jiko baada ya mvua, na mimi nilikuwa naukimbia kwa uchungu wake. Pale Sterling, kati ya mapipa ya mbolea, mate yalinijaa mdomoni.

Jumapili iliyofuata akaja kunichukua baada ya ibada, tukazunguka kwa barabara kuu ya Beltway hadi Lanham nikaione ile mboga. Dari ya basement ilikuwa fupi, nilipoinua mkono niligusa mbao. Taa tayari ilikuwa imerudi dukani, lakini alama zake zilibaki. Majani yalijikunja kama karatasi iliyosogezwa kwenye moto. Miche ilikuwa mirefu, myembamba, na imewahi kutoa maua kabla ya kutoa majani ya kushika mkononi. Aliniambia kwamba kila mashine ya kukaushia nguo ilipowaka pamoja na taa, umeme wa chini wote ulikatika, na mumewe alikuwa amechoka kushuka na tochi kuurudisha.

Binti alikaa kwenye ngazi, mikono kifuani. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, na tuliendelea hivyo mchana kutwa bila shida. Alitaka kujua iwapo mimi ndiye niliyewauzia. Nikakiri. Akasema angalau nina ujasiri wa kuja.

Mwenye duka hakuwa amenidanganya. Kwa kila wati, taa ya sodiamu ilitoa mwanga mwingi kuliko zote tulizokuwa nazo. Nilichokuwa sijafikiri ni kwamba mwanga mwingi kiasi hicho haukuhitajika. Mama alikuwa na mabeseni mawili ya majani, chini ya dari fupi, na mimi nilikuwa nimemwashia tanuri la matofali achemshie chai ya watu wawili. Taa ile ilitaka kutundikwa mbali na mmea, na mbali hapakuwepo.

Jumatatu nilimweleza mwenye duka yote. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kweli namwamini yule mama. Nilimwambia nimeyaona majani kwa macho yangu. Alifikiri huku akisokota ndevu, akakubali kubadilishana ile taa na mirija minne mirefu ya mwanga mweupe, ile myembamba isiyopata joto sana. Yote minne pamoja ilikula umeme theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Akanifundisha kuitundika kwa minyororo, shubiri moja tu juu ya majani, na kuipandisha kadiri mboga inavyokua. Ili kujua kama iko karibu mno, uweke mgongo wa mkono pale majani yalipo kwa dakika moja. Ikikuunguza wewe, inaiunguza na mboga.

Tuliifunga mirija ile Jumapili nyingine, mimi juu ya kiti na mama akishika minyororo. Binti alisoma maelekezo kwa sauti, akatuambia tumeuweka wa pili kinyume, na alikuwa sahihi. Tulipowasha, chumba kilikuwa cheupe na kimya kama cha zahanati. Mama akaenda kuwasha mashine ya kukaushia nguo makusudi. Tukasimama tukisikiliza. Hakuna kilichokatika.

Mboga ya mbegu mpya zilizotiwa siku ile ilichumwa mara ya kwanza mwezi wa nne mwishoni, wakati nje kulikuwa kumeanza kupata joto na mtu angeweza kupanda bustanini tu. Hakuna aliyelitaja hilo. Tulikula kwa ugali, maziwa yakiwa yamelainisha uchungu lakini hayajauondoa, na mume wa mama aliongeza mara tatu.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, mama alikuja dukani na wanawake wawili wa kanisa lake, wamevaa vilemba vya ibada, wote wanataka mirija minne minne. Walipanga foleni nyuma ya kijana mwenye kofia hadi machoni, na mmoja wao akamwuliza kwa Kiingereza cha adabu yeye analima nini. Kijana akasema nyanya. Yule mama akamsifu, akaanza kumweleza jinsi ya kuzifunga kwenye vijiti zisilale. Mwenye duka alikwenda stoo akakaa huko mpaka walipoondoka.

Niliacha kazi ile nilipomaliza chuo, nikaajiriwa kwenye moja ya majengo ya kuhifadhia kompyuta yaliyokuwa yakijengwa jirani, kuangalia umeme na ubaridi. Mama aliongeza zamu na hakuwa tena na muda wa kushuka chini kila siku. Jioni moja nilipata simu, sauti ya kike, Kiingereza cha haraka. Alikuwa binti yake. Aliniambia mama yupo kazini, mabeseni sasa ni yake, na majani ya chini yameanza kuwa ya njano. Nilimwuliza kwa Kiswahili mara ya mwisho alibadilisha maji lini.

"Yanabadilishwa?" akauliza, na hilo alilisema kwa Kiswahili.